Wageni wa Cherang'ani Walala Kiandutu

Jumatatu, 3 Machi
Nimefika ofisini Ruiru saa moja na nusu, wa kwanza kama kawaida. Nimekamilisha ratiba ya ziara ya vilima vya Cherang'ani. Kurasa kumi na mbili. Siku ya pili ina kichwa ninachojivunia: "Kutazama Maisha ya Wenyeji." Kamati ya wenyeji ikitia saini, nitaajiriwa rasmi. Isipotia, kipindi changu cha majaribio kinaishia hapo.

Jumatano, 5 Machi
Kamati inatuma watu wawili kuikagua ratiba kabla ya kutia saini: Mama Cheptoo, mwenyekiti, na Mzee Kibor. Niliwawekea vyumba katika hoteli nzuri hapa Thika. Mama Cheptoo amekataa kwa simu. Amesema watalii watalala majumbani mwa wenyeji. Basi yeye na Mzee Kibor nao watalala kwa aliyeandika ratiba.

Mkurugenzi amefurahi. Anaamini ninaishi Murera, nyumba yenye bustani. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Ninaishi na Mama Kiandutu, mtaa wa mabanda wa hapa Thika, vyumba viwili vya mabati.

Sikula chakula cha mchana.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewaza kuazima nyumba ya rafiki. Mama amecheka.
"Wee Wanjiru, utaazima na mama pia?"

Ijumaa, 7 Machi
Wamefika jioni. Mama huwauzia vibarua githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na maharagwe ya kesho yalikuwa hayajachaguliwa mawe. Kabla chai haijapoa, akampakatisha Mama Cheptoo ungo! Nilimsihi amwache mgeni apumzike.
"Kwani mikono ameiacha Cherang'ani?"
Mzee Kibor alicheka hadi akakohoa, kisha akaomba ungo wake.
Aibu tupu. Nimekwisha.

Jumamosi, 8 Machi
Baada ya chai ya asubuhi Mama Cheptoo ameomba kalamu yangu. Ameikata "Kutazama Maisha ya Wenyeji" kwa mstari mmoja. Hapo ndipo kamati ilipokwama, amesema. Hawataki watu waketi vitini wawatazame wakipika.
"Andika vile mama yako anafanya. Mgeni apewe kazi."
Nimeandika: kuchota maji, kumenya viazi, kufukuza mbuzi shambani. Wametia saini wote wawili, karatasi ikiwa juu ya mfuniko wa sufuria ya githeri.
Nililia kidogo, nyuma ya nyumba.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepewa barua ya ajira. Ndipo nikamweleza Mkurugenzi ninakoishi kwa kweli. Aliuliza tu kama githeri ya Mama hubaki hadi saa saba mchana.

Jioni nimechagua maharagwe. Debe zima. Mawe matatu tu.