Condensateur nne za Papa Arsène

Goma, Jumamosi, tarehe 12 Juni 2021

Asubuhi ilikuwa na mawingu ya chini, baridi kidogo, na ile harufu ya kiberiti ambayo tangu mlima ulipuke imejifanya mpangaji wa nyumba zetu zote. Mlima wenyewe haukuonekana. Ardhi ilitikisika nilipokuwa nikiwasha makaa, vikombe vikagongana kidogo, kisha kimya.

Nimechoka, ila ni uchovu mzuri. Acha niandike kwa mpangilio.

Tulirudi kutoka Sake, tulikokimbilia, katikati ya wiki. Nyumba yetu ya Mabanga tuliikuta imesimama, namshukuru Mungu; moto ulisimama kabla ya kutufikia. Mtoto wetu Arsène bado yuko Bukavu kwa dada yangu mpaka ardhi itulie. Baba yake, mume wangu Papa Arsène, hata madirisha hajafungua, alichomeka kompyuta yake, ile anayotengenezea filamu za harusi. Kioo kikajaa mistari ya kijani, kikawa cheusi. Akazima, akawasha. Mistari tena. Akakaa kitandani na viatu vyake.

Jana alisema polepole, kama anaongea na ukuta: "Kama mashine imekufa, mie nitaenda na Faustin."

Faustin ni binamu yake. Anachimba madini Masisi, na anapanda kurudi huko Jumatatu asubuhi. Papa Arsène anajua ninavyoiogopa barabara ile, na watu wenye bunduki wanaoamua nani apite na nani ashuke kwenye gari. Wakati wa waasi, nikiwa bado shuleni, kaka yangu mkubwa alikwenda huko huko kutafuta maisha, hakurudi. Mpaka leo mama yangu akisikia pikipiki imesimama nje, anakatiza maneno yake.

Kwa hiyo kazi ya leo ilikuwa moja.

Mimi ndiye fundi wa nyumba hii. Nilisoma électronique mpaka nikapata diplome, na meza yangu iko dirishani. Nikafungua mashine, nikatoa carte graphique, ile inayochora picha kwenye kioo. Karibu na mahali umeme unapoingilia, condensateur nne zilikuwa zimevimba vichwa, moja imetoa utomvu wa kahawia. Kwa asiyezijua: ni vikebe vidogo vilivyosimama kama mapipa. Vinapokea umeme unaokuja kwa fujo, vinautoa umetulia. Vikivimba, picha inaugua. Kwa kweli nilifurahi kuviona hivyo. Mgonjwa anayejua mahali panapomuuma anatibika.

Shida ilikuwa kupata nne nyingine.

Nina desturi ya kuweka condensateur za mashine zilizokufa kwenye makopo ya maziwa: za redio peke yake, za televisheni peke yake, za kompyuta peke yake. Siku ya kukimbia, mama mkwe wangu, ambaye tunamwita Tate kama mjukuu wake anavyomwita, aliona makopo mengi ni mizigo mingi. Akayamimina yote kwenye sufuria ya maharagwe, akaifunga kwa kitambaa, akaibeba kichwani kwa miguu mpaka Sake. Viatu vyake vya kanisani aliviacha. Leo nilipofunua sufuria na kuona mchanganyiko ule, machozi yalinikaribia. Tate akaniangalia kwa fahari.

"Sikuacha hata kamoja," akasema. "Hata tule tudogo twa chini nilitukusanya."

Ningemgombeza vipi?

Nikashuka Birere kutafuta mpya. Papa Jado anaziuza kwenye meza yake, zinang'aa kama peremende. Sisi mafundi wa hapa tuna sheria: unanunua moja kwanza, unaipasua mbele ya muuzaji. Nikatoa koleo.

"Mama Arsène, weye hauna imani na batu."

"Imani niko nayo kanisani. Huku niko na koleo."

Ndani ya ganda lile kubwa kulikuwa na condensateur nyingine, ndogo kama punje ya hindi, imezungushiwa karatasi ili isicheze. Papa Jado aliinama akaitazama kama mtu aliyedanganywa yeye mwenyewe, na labda ni kweli.

"Kumbe iko na mimba," akasema. Waliosimama pale walicheka mpaka jirani muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, akaja kuuliza kuna nini. Nilirudi mikono mitupu, lakini nikicheka.

Ikabaki sufuria ya Tate. Condensateur ina namba mbili za kutazama. Ya kwanza inasema inabeba kiasi gani. Hiyo inapaswa kufanana na ya zamani. Ya pili inasema inavumilia volti ngapi. Hiyo ikizidi si kosa, ikipungua ni hatari. Papa Arsène alikuja kusaidia, maana yake alikuja na condensateur likubwa kama betri ya tochi.

"Weka hii. Hii iko na nguvu."

"Hiyo ni ya ampli ya vipaza sauti vya kanisa, Papa Arsène. Ukiiweka, kifuniko cha mashine utakifungia wapi?"

Nikapata nne zenye namba nzuri, nikazichomea. Picha ikaja. Akanishika bega. Tukaweka filamu ya harusi, na kabla bibi harusi hajafika kanisani mistari ya kijani ilirudi. Nikazima, nikagusa condensateur. Zilikuwa za moto kama viazi vilivyotoka jikoni.

Nilijua kosa langu mara moja. Zile zilikuwa za redio. Namba zake ni zile zile, lakini mwendo wake ni wa polepole, na carte graphique inaomba umeme na kuurudisha haraka haraka, bila kupumzika. Inataka zilizozoea kazi ya kompyuta. Siku nyingine makopo yangu yangenikumbusha. Leo nilisoma namba nikaridhika, kwa sababu nilitaka sana ziwe zenyewe.

Haraka yangu haikuwa ya fundi, ilikuwa ya mke.

Papa Arsène hakukasirika. Alichukua mfuko wake, akaanza kukunja suruali. Angekasirika ingekuwa afadhali. Nikachambua sufuria tena: za kompyuta zenye namba zile hazikufika nne.

Hapo ndipo nilipotazama ukuta wa juu ya meza yake. Pale amening'iniza carte mère, ule ubao mkubwa wa kompyuta yake ya kwanza. Aliniletea kabla hatujaoana, nikashindwa kuuponya, naye akawa anapita kila jioni kuuliza hali ya mgonjwa mpaka majirani wakaelewa mgonjwa ni nani. Wageni akiwaonyesha husema, "Hii njo ilinipatia bibi," yaani ndiyo iliyompa mke. Huufuta vumbi kila Jumapili. Nikapanda kwenye kiti. Ubao ule ulikufa kwa ugonjwa mwingine. Condensateur zake zilikuwa bapa kichwani, safi, namba zile zile, za kompyuta.

"Papa Arsène, unipatie ile ya ukuta."

Suruali ikasimama hewani. "Ile hapana. Ile njo mwanzo yetu."

"Mwanzo yetu iko hapa, iko inakunja suruali."

Tate alicheka kwanza. Kisha Papa Arsène mwenyewe akatabasamu, akaushusha ubao, akaufuta kwa shati lake, akanishikia wakati nikizitoa. Courant ya umeme ikakatika katikati ya kazi. Tukakaa tukinywa chai, chuma cha kuchomea kikipoa. Iliporudi, nilizichomea kwa utaratibu, nikitazama upande wa kila mguu kabla ya kugusa.

Filamu ikaanza upya. Ni harusi ya upande wa Buhene, ya kabla ya mlima. Nyumba iliyo nyuma ya maharusi sasa iko chini ya mawe. Bibi harusi akafika kanisani. Akatoka kanisani. Watu wakacheza.

"Uyu anacheza kama anaumwa ni nani?" Tate akauliza.

"Ni Faustin, mama," Papa Arsène akasema.

Filamu ikafika mwisho. Nikagusa moja moja: zilikuwa vuguvugu, basi. Tukairudia yote, na Tate akacheka tena mahali pale pale.

Papa Arsène akachukua simu. "Faustin, mie siendi. Mashine imepona. Hapana, mie siogopi. Bibi yangu njo anaogopa, na mie ninaogopa bibi." Kisha akageuka akaangalia dirishani, sauti ikashuka. "Na weye ubakie, Faustin. Nitakufundisha kamera."

Faustin alisema ataona. Hilo ndilo jibu tulilopata, na sijui Jumatatu atakuwa wapi.

Wala sijui condensateur hizi zitadumu mpaka lini. Si vijana. Lazima nimwandikie dada yangu aniulizie nzuri Bukavu. Lakini suruali zimerudi kwenye kamba, na mwenyewe ameshaanza kukoroma.

Nalala. Saa tatu na dakika ishirini.