Majibu ya Maji ya Kisima Chetu

Siakago, Embu
3 Oktoba 2025

Mpendwa mjukuu na wajina wangu Njura,

Salamu nyingi. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Meru? Unakula chakula, au ni chai na mkate tu? Mimi magoti yananisumbua, lakini maji bado nateka mwenyewe.

Tangu Jumapili simu yangu hushiki, ndiyo maana nimempa mjomba wako Salesio hii barua akuletee mkononi.

Hapa hatuko sawa. Mtoto wa Angeline, jirani yetu, tulimzika Jumamosi. Alihara mpaka akakauka. Hata kutembea hakuwa ameanza.

Mwezi wa nne wewe ulikuja na wenzako na mwalimu wenu wa kemia, mkateka maji ya kisima kwa vichupa. Nilijigamba sana. Mjukuu wangu anafanya utafiti hata kabla hajamaliza chuo! Ukaahidi watu kurudi na majibu.

Hukurudi. Na watu wa hapa wamezoea dispensari: ukipimwa na usiitwe, huna ugonjwa. Basi wakasema maji ni mazima. Angeline alikuwa akichemsha, akaacha. Kuni ziko mbali, na kwani achemshe ya nini?

Jumapili ukanipigia unacheka. Ukasema majibu mko nayo tangu mwezi wa sita, na yatatundikwa ukutani kwenye mkutano Nairobi wasomi wayaone. Nikakuuliza maji ya kisima yakoje. Ukasema, "Nyanya, hiyo ni kemia, hutaelewa." Shule sikwenda sana, lakini mazuri naelewa na mabaya naelewa. Ni yapi?

Jana kisimani Njuki aliniuliza, "Mama Salesio, yule daktari wako wa vichupa aliolewa huko?" Watu wakacheka. Angeline aliteka maji yake, akaenda. Sisemi ni maji yaliyomuua mtoto. Sijui. Wewe ndiye unajua, na jina unalobeba ni langu.

Umeniomba baraka za safari ya Nairobi. Sisi hubariki kwa mate, na mate hayaingii kwa bahasha. Njoo kwanza. Simama kisimani useme kilichomo, kwa maneno ambayo Angeline ataelewa. Ukimaliza, fungua kiganja nikutemee. Usipokuja, nenda Nairobi hivyo hivyo, mkavu.

Nisalimie Caroline unayeishi naye, na binamu yako Kinoti. Mungu akuonyeshe njia ya huku kabla ya ile ya Nairobi.

Wako akupendaye hata nikiwa na hasira,
Nyanya yako, Njura