Ndoo Moja, Sekunde Arobaini

3 Machi

Kwako mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua chako kimeacha kelele. Sisi huku hatujambo kiasi. Mama anakusalimu sana. Mguu wake bado umevimba. Anatembea kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, na katika safari hiyo anapata nafasi ya kunigombeza mara mbili.

Mnara wa simu uliopigwa na radi mwezi wa kwanza haujatengenezwa. Mafundi walikuja, wakautazama wakiwa chini, wakaondoka. Kwa hiyo tunaishi kwa barua, na barua zinategemea lori la magunia linalopita mara moja kwa wiki, likipenda. Gari la kampuni lililokuwa likipita na kipaza sauti kutuambia hali ya ukuta wa bwawa nalo halionekani tena. Mvua imeanza mapema. Kila akiamka, swali la mama ni moja: "Ukuta unasemaje?" Kana kwamba mimi nalala nao chumba kimoja.

Mama mkubwa anatuita tuhamie kwake mlimani. Lakini mama unamjua: hatoki kwake bila sababu ya kueleweka, na mimi siwezi kumbeba.

Sasa mjomba, nimesoma tena na tena ulivyoandika kuhusu chama chenu cha wazee wanaozungumza kwa redio kwa kujifurahisha tu. Nami nataka kuanza. Wateja wa cherehani wamepungua, muda ninao. Na nikisema kweli, nataka nisikie chochote. Kukaa chini ya ukuta ule bila habari ni kama kuwa na mgonjwa chumba cha pili halafu ukafungiwa mlango.

Yule muuza duka tunayemwita Mdomo ana redio za mkononi za aina tatu, zote za bei ya chini. Moja ni kubwa, imeandikwa wati kumi. Moja ya wastani, ina kioo na namba kama za simu. Ya tatu ni ndogo kama kipande cha sabuni, haina kioo, zinauzwa mbili mbili. Nilimuuliza ile kubwa inafika wapi.

"Dada, hii ukisema haloo hapa, mwezini wanaitika."

"Na hii ndogo?"

"Hiyo inafika hapo kwa kinyozi. Lakini kinyozi atakusikia vizuri sana."

Nichukue ipi?

Mpwa wako


15 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Kifua kimeacha kelele, sasa kinanong'ona. Mengine ni mazima. Dirisha langu linatazama ua wenye mapipa ya taka na baiskeli isiyo na mwenyewe. Miaka thelathini na moja nimelitazama ua hilo, na bado nikiamka natega sikio nisikie maji. Mpe dada yangu salamu, mwambie akugombeze taratibu, mguu usichoke.

Mdomo anapiga chuku. Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni majigambo ya boksi. Hata zingekuwa za kweli, redio ya mkononi husafiri kama macho: kilima kikisimama katikati, wati kumi na wati tano zote zinakwama palepale. Usiilipie sifa. Ile ndogo nayo iache, kwa sababu chaneli zake zimeshapangwa kiwandani na huwezi kuingiza masafa mwenyewe. Utakuwa kama mtu aliyenunua nyumba yenye dirisha moja.

Chukua ya wastani. Lakini kabla hujatoa pesa, fanya haya. Toa betri, uirudishe. Ikilegalega mahali pake, mwambie akupe nyingine. Muulize kama ana betri ya akiba ya aina ileile, maana redio za rahisi hufa kwa kukosa betri, si kwa ubaya wao. Fungua antena kwa kuizungusha; ni lazima itoke, kwa kuwa antena ya kiwandani ndiyo kiungo dhaifu kuliko vyote na siku moja utaibadilisha. Hakikisha inashika bendi mbili za masafa. Halafu toka nayo nje ya duka usikilize, kwa sababu chini ya mabati ya Mdomo kila redio ni mbovu.

Kitufe cha kusemea kilicho ubavuni usikiguse mpaka ufanye mtihani upate leseni. Anayeanza husikiliza. Na unayoyasikia ya wengine huyasambazi. Ndiyo adabu yetu.

Ukishaipata, iache itafute masafa yenyewe, saa moja asubuhi. Walinzi wa ukuta hutumia redio za aina hiyohiyo. Unajua kwamba nilifanya kazi pale kabla hujazaliwa. Chini kabisa ya ukuta kuna bomba linalotoa maji yanayopenya ndani ya udongo. Unatega ndoo, unatazama saa. Ikijaa polepole, ukuta umeshika. Ikijaa haraka, maji yanajitafutia njia. Namba hiyo hutangazwa kila asubuhi. Ukisikia imeshuka chini ya sekunde thelathini, usiniandikie, usimwulize mtu: mchukue mama yako mpande kwa dada yetu. Ikiwa juu ya thelathini, shona nguo zako.

Niandikie unayoyasikia.

Mjomba wako


9 Aprili

Kwako mjomba mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, ila mvua haijatupa hata siku moja ya kuanika. Mama anasema hata mawazo yake yameota ukungu. Anakusalimu.

Nimenunua! Ya wastani, kama ulivyosema. Nilipoanza kuizungusha antena, Mdomo alishika kichwa: "Dada, unanunua au unachinja?" Nilipotoka nayo nje alinifuata na mwavuli, akidhani nakimbia. Betri ya akiba ninayo. Siku ya kwanza nilisikia madereva wawili wakibishana nani alimchoma mwenzake kwa bosi, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Siku ya pili, saa moja kamili, nikampata mlinzi wa ukuta. Ana sauti nzito, ya taratibu, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Sisi tumempa jina, tunamwita Sauti. Namba zake nimeziandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Tarehe ishirini na tisa, sekunde arobaini na sita. Thelathini, arobaini na nne. Thelathini na moja, arobaini na tatu. Tarehe mosi, arobaini. Na tangu hapo mpaka leo ni arobaini, siku tisa sawasawa, na mvua yote hii! Kumbe ukuta ni imara kuliko tulivyodhani. Mama ameanza kulala mpaka kuche.

Sijui kama nawe uliipenda kazi ile. Mimi nampenda Sauti bure tu. Anasema "Nipo bombani, ndoo moja, sekunde arobaini, hakuna mabadiliko," na nyuma yake nasikia mvua ikipiga mabati na kifuniko cha sufuria kikirukaruka. Najiona kama niko naye pale.

Fundi viatu wa jirani naye huja kusikiliza. Usinikaripie, ni mmoja tu.

Mpwa wako


21 Aprili

Mpwa wangu,

Leo sisalimu. Ondokeni.

Barua yako imefika asubuhi hii, kwa hiyo namba zako zina umri wa siku kumi na mbili. Hii nayo itachukua siku hizohizo. Ikiwa unaisoma umesimama, usikae. Mchukue mama yako, kwa lori, kwa toroli, kwa mgongo wa fundi viatu, mpande.

Bomba halina paa, mwanangu. Liko kwenye mtaro wazi, hatua mia mbili na kumi kutoka kwenye kibanda cha walinzi, kwa njia ya utelezi. Mabati yako kwenye kibanda, na jiko liko kwenye kibanda. Mtu unayemsikia hajashuka bombani. Na hakuna ukuta wa udongo unaotoa namba moja siku tisa chini ya mvua. Namba hupanda au hushuka. Namba isiyotikisika ni mtu aliyeketi.

Najua kwa sababu mtu huyo nilikuwa mimi. Mvua ilikuwa kama hiyo yenu. Siku ya kwanza nilijiambia kwamba tofauti haiwezi kuwa kubwa. Siku ya pili nilinakili ya jana. Niliandika namba moja siku sita, miguu yangu imekauka, chai mkononi. Siku ya saba kipande cha chini cha ukuta kiliporomoka kikafunika banda la wafyatua matofali. Walikuwamo wawili, mtu na mdogo wake. Tulisema ni mvua. Niliiambia familia kwamba nimepata kazi mbali. Kazi sikuwa nayo, niliondoka tu. Mama yako hajui mpaka leo.

Nilipokuandikia kuhusu sekunde thelathini, jambo hili lilikuwa kwenye ncha ya kalamu. Nilikwambia jinsi ndoo inavyosema kweli, nikaona haya kukwambia jinsi mtu anavyoisemea uongo.

Tangu asubuhi nimefanya yaliyo mikononi mwangu. Nimepiga simu ofisi kuu ya kampuni. Binti wa mapokezi amenijibu kwa upole kwamba taarifa zao zote zinaonyesha sekunde arobaini. Kituo cha polisi cha kwenu hakipatikani. Mwenzangu wa chama, fundi saa mstaafu, ameketi kwenye redio yake kubwa akimwita yeyote wa pande zenu, hajaitikiwa. Hiyo yako ya mkononi haiwezi kunifikia, hata ningepanda juu ya paa.

Ikiwa watu hawatakuamini, bonyeza kitufe. Sahau leseni, maisha yakiwa hatarini kila mtu ana ruhusa ya kusema. Muulize Sauti neno moja, watu wote wakisikia: "Umeshuka mwenyewe?" Atakavyonyamaza ndilo jibu.

Mjomba wako


23 Aprili

Kwako mjomba mpendwa,

Shikamoo. Naandika haraka, dereva wa lori anapiga honi. Lori lilikosa safari ya wiki iliyopita, barabara ya chini imekatika, leo limepita ile ya juu. Halikuleta barua yako, nadhani iko njiani.

Sisi wazima. Mama mguu umepata nguvu kwa hofu: jana alisimama bila kushikwa. Kilichomsimamisha ni sakafu ya jiko. Tangu juzi maji yanatokea katikati yake. Si ya paa. Yanapanda kutoka chini, yana rangi ya udongo, nikifuta yanarudi. Kwa fundi viatu vilevile, na kwa majirani wa mstari wetu wote. Mama akasema sasa sababu ameiona, tunakwenda kwa dada yake. Mtaa mzima ulikuwa umefunga virago, magodoro yamekazwa kamba, kuku miguu imefungwa.

Najua ulisema ya hewani hayasambazwi, lakini ningewaachaje na roho mkononi? Leo saa moja waliingia uani kwangu mpaka hapakuwa na pa kuweka mguu. Nikainua redio juu. Sauti akasema kama kawaida: nipo bombani, ndoo moja, sekunde arobaini, hakuna mabadiliko. Siku ya ishirini na tatu mfululizo. Nikaleta barua yako ya Machi, nikawasomea pale ulipoandika kwamba juu ya thelathini nishone nguo zangu.

Fundi viatu akauliza, "Huyo mjomba alifanya kazi palepale ukutani?"

"Palepale. Ndoo hiyohiyo."

"Basi mimi nafungua kamba. Mgongo wenyewe huu."

Wakacheka, wakatawanyika. Mama hakucheka. Alinyoosha mkono akataka barua aione. "Kaka yangu ameandika hivi? Kwa mkono wake?" Nikamwonyesha mstari. Akaufuata kwa kidole mpaka mwisho, akakaa. "Haya," akasema, "rudisha pazia dirishani."

Nilitamani kubonyeza kitufe nimshukuru Sauti, lakini ulinikataza, sijakigusa. Mtihani nikifaulu, atakuwa wa kwanza nitakayemsalimu.

Dereva amekasirika kidogo. Alikuwa ametuwekea nafasi mbili mbele, pembeni yake, na anasema hii ndiyo safari yake ya mwisho mpaka mvua ziishe. "Mnapanda au hampandi?" Nimemwambia hatupandi, achukue barua tu. Amesema ataiweka kwenye kiti alichomfutia mama, isilowane.

Mpwa wako