Neno Analoitikia Bwana Mdogo

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umetoka zamu, umeshavua viatu na miguu imepumzika. Hapa nyumbani hatujambo. Mama analalamika mgongo kidogo kwa sababu ya sare za shule, maana mwaka mpya wa shule unakaribia na kila mzazi anataka ya mwanawe ishonwe kwanza. Baba ni mzima, uwanja umejaa friji, na kila mwenye friji anaambiwa aje kesho. Mimi pia ni mzima, wa mwili.

Nimesema wa mwili kwa sababu kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata yule rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Namwonea wivu mbwa. Ndiyo, mbwa wako. Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma.

Ulimwuliza Mama kwa nini sikuonekana Jumapili ulipokuja kumchukua. Kisha ukatuma ujumbe kwenye simu yake, ukiuliza nilikuwa namfundisha nini muda wote huo kama hata neno "njoo" halijui. Maswali hayo mawili yana jibu moja, ila ni refu. Kwenye simu unanijua, nabaki na "mm" na "sawa" mpaka salio linakwisha. Kwa hiyo naandika.

Nianze na jina. Tangu nipate akili, wewe ndiye uliyekuwa ukiniita Bwana Mdogo, na Baba na Mama wakalichukua kutoka kwako. Siku ile ulipomleta yule mtoto wa mbwa ndani ya kikapu cha nguo, ukatuambia ni wa aina ya Staffordshire terrier na kwamba mwenye nyumba wako hataki hata kumsikia, tulimzunguka sote kumtazama. Kichwa kikubwa kuliko umri wake, kifua cha mbeba mizigo, miguu mifupi, na paji la uso lenye mikunjo kana kwamba amepewa hesabu ngumu. Ukacheka, ukasema basi tumepata bwana mdogo mwingine. Ulikuwa unatania, najua. Kesho yake ukapanda basi, lakini utani ukabaki hapa.

Siku za mwanzo nilikuwa naitika bure. Mama alipiga kelele kwamba Bwana Mdogo ametafuna futi yake ya kupimia nguo, nami nikatoka chumbani mbio kujitetea. Baba aliuliza kwa ukali kama ni Bwana Mdogo aliyekojoa mlangoni, nami nikajikuta nasema si mimi, naapa. Walicheka hadi Mama akashika ukuta. Mwishowe, ili watu wasichanganyikiwe, jina likabaki kwa mbwa. Mimi siku hizi naitwa "wewe".

Hata hivyo ulinikabidhi nimfundishe, na mimi kazi niliyopewa na wewe siitupi. Nilikwenda maktaba ya shule nikapata kitabu cha kutunza wanyama wa nyumbani. Mbwa alipewa kurasa chache kuliko kuku, lakini kanuni ilikuwa wazi: neno moja kwa jambo moja, na akitii apewe kitu cha kutafuna. Shida ikawa lugha yetu wenyewe. Nikitaka aweke makalio chini, namwambia "kaa". Nikitaka abaki palepale nisogee, pia "kaa". Maskini alikuwa anakaa, anainuka, anakaa tena, ananitazama na ile mikunjo yake kama anayeomba swali lirudiwe. Nikabadilisha, nikaweka "keti" na "tulia". Mama alisema namfundisha mbwa Kiswahili cha mtihani, na kwamba siku moja atadai cheti.

Lakini "njoo" ndiyo iliyoleta balaa. Unamjua Baba na wateja wake. Kila atakayekuja kuulizia friji atajibiwa "njoo kesho". Sasa Bwana Mdogo, aliyekuwa amelala chini ya meza ya kazi, akisikia neno lake tu, hufyatuka kama kizibo cha chupa na kumrukia mteja kifuani akidai kipande cha mkate. Mwenye duka la dawa, yule mtu mzito anayetembea na mwavuli hata jua likiwaka, alipanda juu ya friji yake mwenyewe. Akiwa kulekule juu aliapa kwamba huyo si mbwa, ni simba aliyenyolewa, na kwamba tumpe ngazi. Jioni ile Baba aliniambia bila kucheka kwamba akimrukia mteja mwingine hata mmoja, atampeleka kwa mlinzi wa kiwanda cha mbao akafungwe mnyororo. Nikalazimika kumsahaulisha "njoo" na kutafuta neno lingine la kumwitia. Neno hilo nitakuambia, nivumilie kidogo.

Wakati huo wote ulikuwa unapiga simu. Mama anaweka sauti kubwa, tunajikusanya kuzunguka cherehani, na swali lako la kwanza ni kama Bwana Mdogo amekula. Mara kadhaa nilifungua mdomo kujibu kwamba nimeshiba. Nilipokuambia insha yangu imekuwa ya kwanza darasani, ulinipa hongera, kisha papo hapo ukauliza kama meno ya utoto yameanza kumtoka. Halafu yeye naye! Mimi nimeshinda naye jua likinichoma, mkate mkononi, nambembeleza atulie hatulii. Wewe ulisema tu kupitia simu, "We, acha fujo," akalala chini kama mkeka. Nilisema naenda kuangalia maji kama yametoka. Hayakuwa yametoka. Nilisimama tu pale bombani.

Ajabu ni kwamba wivu ulikuwa na pande mbili. Nilimwonea yeye kwa ajili yako, kisha nikakuonea wewe kwa ajili yake, maana nikisoma ni mimi niliyelaliwa miguuni, na ni kandambili zangu alizotafuna kwa mapenzi, lakini aliyetiiwa ni wewe. Mtu mwenye wivu wa namna hii hana pa kupumzikia.

Ndipo ukaja ule ujumbe wa sauti. Mama alikuwa na mguu kwenye pedeli, akaninyooshea simu bila kuinua macho, akasema nisikilize. Ulisema: Bwana Mdogo, jiandae, nimepata nyumba yenye uwanja, Jumapili nakuja kukuchukua, nimekukumbuka mpaka chakula hakipiti.

Dada, siku ulipoondoka nyumbani kwenda kuanza kazi, ukiwa unahangaika na zipu ya begi, uliniahidi kwamba ukipata nyumba ya maana utanichukua nikasome huko, karibu na ile maktaba kubwa. Huenda ulisema ili nisilie. Mimi ahadi hiyo niliiweka. Kwa hiyo niliposikia ujumbe ule sikuuliza ni Bwana Mdogo yupi. Niliusikiliza tena na tena nikiwa msalani, maana ndipo pekee penye komeo. Nilirudisha vitabu vya maktaba. Nilimwambia mwalimu wa darasa nahama, akanipa mkono kama mtu mzima mwenzake. Rafiki yangu alinipa kalamu yake nzuri na kugeuza uso. Nikapanga nguo katika lile begi kuukuu la Baba. Na nilimtazama mbwa akiwa amelala, nikafurahi, Mungu anisamehe, kwamba safari hii atakayebaki ni yeye.

Jumamosi jioni ulipiga simu kumwuliza Mama kama Bwana Mdogo amemaliza chanjo, na kumkumbusha asisahau bakuli lake na lile blanketi analolitafuna. Nilikuwa nimesimama mlangoni na begi mkononi. Nilirudi chumbani nikatoa nguo moja moja. Mama akachungulia, akauliza nafanya nini. Nikasema nazipanga upya.

Jumapili nilikuwa katika banda la kazi la Baba, nyuma ya friji mbovu. Nilisikia lango, nikasikia kicheko chako, kisha ukauliza, "Yuko wapi?" Sikujua unamwulizia nani, kwa hiyo sikutoka.

Mbwa wako alikuwa nami, amelalia viatu vyangu. Ukaanza kumwita. Njoo, njoo baba, njoo hapa. Masikio yakasimama, mkia ukawa unapiga bati la friji, lakini alinitazama mimi. Hakwenda. Najua ningepaswa kukuonea huruma. Nilifurahi, Dada. Ilikuwa furaha mbaya, ya moto, hadi nikajiziba mdomo. Kisha sauti yako ikabadilika, ukamwambia Mama kwamba labda amekusahau. Sauti ile sikuiweza. Nilimsukuma nje kwa mikono miwili nikafunga mlango wa banda. Akarudi kukwaruza mlango. Ndivyo mlivyomkuta, na ndiyo maana alikokotwa kama mwizi.

Hajakusahau. Tatizo ni neno. Nilipokuwa natafuta neno jipya, nilitaka lile ambalo mteja yeyote hapa nyumbani haambiwi. Mama huwaita wake "mwanangu", hata wenye mvi. Baba huwaita wake "bosi" na "mzee". Kila neno la kuita lilikuwa na mwenyewe, isipokuwa moja ambalo halikuwa limesikika uwanjani kwetu tangu uondoke, kwa sababu aliyekuwa nalo ni mimi tu. Basi nikasimama karibu na bomba, mkate mkononi, nikaita: Dada!

Mwanzoni alikuja akisitasita. Baadaye alikuwa anakuja mbio, masikio nyuma, anateleza kwenye sakafu. Kila nikitoka shule nilikuwa naita Dada, na kweli kitu kinakuja. Jirani alimwuliza Mama kwa upole kama mtoto wake yu salama kichwani. Nilimwambia Mama ni mbinu ya kitabuni. Kitabuni haimo.

Kwa hiyo ukiwa uwanjani kwako usihangaike na "njoo". Ita hivyo, kwa sauti ya kawaida, majirani wacheke, wakichoka wataacha. Mkate uwe mkavu. Na akija usimwinamie ghafla, anapenda kuruka na kichwa chake ni jiwe.

Leo jioni nilikuwa nimemshikia Baba tochi akifungua friji ya saluni. Nilimwambia kwamba nilidhani umekuja kunichukua mimi, na kwamba nataka kuja kukaa nawe nisome huko. Akamaliza kukaza skrubu. Kisha akasema yeye ni fundi friji, si tarishi, na kama nina neno na dadangu nimwambie mwenyewe, tena nisimzungushe. Akaniambia nishike tochi sawasawa.

Tulipomaliza nilinawa mikono, nikaingia ndani, nikakaa kwenye meza ya Mama ya kukatia vitambaa na kuanza barua hii. Sikuzungushi: nataka kuja. Ikiwa haiwezekani, niambie haiwezekani. Asubuhi nitaipeleka posta kabla ya kurudi shule, kisha nitamwambia mwalimu wa darasa kwamba bado nipo.

Mama anakusalimu, anasema ule usingizi wa kuungaunga uuache. Baba naye anakusalimu. Mimi nakutakia afya na zamu nyepesi.

Ni mimi mdogo wako,
wa nyumbani.