Kadi za Gachoka

Embu,
Alhamisi, 14 Novemba 1996

Mpendwa Mama,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepoa. Mimi mwili hauna neno, ila usingizi umenihama.

Uliniuliza kompyuta yetu inajuaje ugonjwa wa mbuzi. Haijui kitu, Mama. Tumeijaza kadi elfu mbili za mbuzi wagonjwa, kila moja na dalili zake na jina la ugonjwa. Akiletwa mbuzi mpya, inatafuta kadi tatu zinazofanana naye zaidi na kufuata zinavyosema. Kwa hiyo kadi moja ya uongo inaharibu majibu ya mbuzi wengine. Mwezi jana mkubwa wetu, Daktari Mwenda, aliniagiza niondoe kila kadi inayopingana na zinazofanana nayo. Niliondoa mia moja na kumi, na majibu sahihi yakapanda kutoka sabini kwa mia hadi themanini na nne. Nilisifiwa mbele ya wote, nikaahidiwa kazi ya kudumu.

Kisha Daktari akazikagua zilizotolewa. Karibu zote zilitoka Gachoka, zina jina la mwenzangu Koome. Mbuzi anakohoa, ana homa, kamasi zinamtoka, na bado kadi inasema ni vumbi tu. Daktari alisema Koome alikuwa akibuni majibu, na kesho anafutwa kazi. Koome alinitazama mara moja, akajibu, "Kadi zina jina langu, Daktari."

Mama, kadi zile niliziandika mimi. Koome alikuwa kwao Maua akimzika mama yake, nami nikamshikia kazi wiki tatu kwa siri, kwa jina lake, kwa sababu alinyimwa ruhusa. Jua la Gachoka likanishinda, mimi mtoto wa baridi ya Kibugu. Badala ya kuzunguka boma kwa boma, nilikaa mnadani nikiwauliza wauzaji mbuzi wao wana nini. Nani atakubali mbele ya wanunuzi kwamba mbuzi wake anaumwa? Wote walisema vumbi, nikaandika vumbi. Nilipoziona kwenye kompyuta nilizitambua, nikafurahi kwamba zinaondoka.

Kesho asubuhi, kabla Koome hajaitwa, nitaingia kwa Daktari. Naogopa sana. Najua Jumapili umepanga kutoa shukrani kanisani kwa ajili ya kazi yangu. Tafadhali usisimame. Mchungaji akikuuliza sababu, mwambie vile ilivyo, usinifiche.

Nisalimie Tabby na watoto wake.

Ni mimi bintiyo,
Nelius