Muzee na Bibi Arusi, Mashini Mbili ya Kukausha

Siku ya kwanza, tarehe 8, mwezi wa kumi, 2001

Mvua tangu asubui. Shuka makumi ine ya maternité, nyumba yetu ya kuzalisha, malange, nepi ya batoto, blouse ya basage-femme, bakunga. Kamba ya inje tupu. Yote imepita mu mashini.

Juma nzima nimelinganisha, leo naandika hesabu ya mwisho. Shuka sita kila mara, nimezifinya na mikono yangu mwenyewe. Muzee, mashini ya zamani: dakika makumi ine na tano, nguo inatoka inaunguza vidole. Bibi Arusi, ile mupya ya bazungu: saa mbili na robo, nguo inatoka vuguvugu, sawa kitanda mutu ametoka sasa hivi. Lakini Muzee akiwaka, groupe, mashini ya kuzalisha umeme, inalia sawa ng'ombe, taa inakuwa nyekundu, na Paluku mwenye kuchunga groupe anazima kila kitu ingine. Hata couveuse, ile sanduku ya kulinda batoto banaozaliwa mbele ya wakati. Bibi Arusi akiwaka, hakuna mutu anajua. Anakula kidogo sana.

Donc, basi, Bibi Arusi ameshinda. Mwanzo bamama bote balisema amekufa, juu haunguzi. Mashini ya kukausha bila moto, ni mashini gani? Mimi pia nilisema vile. Sasa nimefunga kinywa.

Na kitambaa imeisha! Wiki tatu ya crochet, uzi nyeupe, maua pembeni, inashuka mpaka chini pande zote ine. Nikitaka kuweka nguo ndani nainua mbele sawa jupe, sketi, kisha naachilia. Njo maana jina Bibi Arusi. Vumbi ya Butembo haitamupata. Kitu ya maana bila kitambaa ni sawa mutoto bila shati, marehemu mama alisemaka vile.

Nilishona juu mikono ilikuwa inatafuta kazi. Bwana yangu Kambale, frigoriste, fundi ya mafriji, eko Beni tangu mwezi wa nane, anatengeneza chambre froide, chumba ya baridi, kule Mavivi. Njia imefungwa, batu ya bunduki. Namukosa. Basi.

Paluku alikalia shuka kavu yangu na suruali ya mazout, mafuta ya groupe. Nimemufukuza. Shuka kavu haikaliwi, hata na Monseigneur askofu.

Siku ya tatu, tarehe 10

Bibi Arusi amesimama. Katikati ya kazi, taa nyekundu moja, kimya. Nguo mubichi ndani. Nimengoja saa moja, amewaka, amesimama tena.

Ni Paluku. Juzi ameweka mu groupe mazout ya bidon ya njano, iko na maji, niliona kwa macho yangu. Nimemuambia. Amejibu eti mashini ya bazungu iko na roho nyepesi. Mutu huyu!

Jioni Kavira amefika. Binti yangu. Ametoka Vuhovi kwa miguu, bwana yake amebaki kuchunga shamba na wazee. Mimba ya miezi saba, miguu imevimba sawa viazi. Nimemupa bugali na lengalenga, muchicha, amekula bila kuinua kichwa. Nimefurahi na nimeogopa, vyote pamoja.

Siku ya tano, tarehe 12

Amesimama mara tatu jana, mara mbili leo. Paluku amebadilisha mazout, ameapa kwa Bikira Maria kwamba ni safi. Bibi Arusi anasimama tu.

Saa ine nimeenda kwa phonie ya paroisse, redio ya parokia ya kuzungumuzia. Aibu gani! Kila mission yenye kuwa na phonie, Kyondo, Mavivi, wapi na wapi, bote banasikia. Kambale alikuwa anangoja kule Mavivi. Sauti yake inapita mu makelele sawa mutu eko ndani ya pipa, lakini ni yeye.

Ameniambia hii mashini ni frigo ya kinyume. Frigo inatupa moto inje, hii inaikamata na kuirudisha kwa nguo. Basi nisimutafutie moto mingi. Kisha maswali, moja moja, sawa docteur. Filtre, kichujio? Naitoa manyoya kila mara. Kisanduku ya maji? Namwanga. Iko sawasawa chini, haiinami? Niliweka sahani ya maji juu, haikumwangika. Ilisimama wima siku nzima mbele ya kuiwasha mara ya kwanza? Mbili. Ukuta iko mbali gani nyuma, anaweza kupumua? Kiganja moja na nusu.

Akarudilia majibu yangu yote, moja moja.

«Mama Kavira, sijui. Nikutane naye mwenyewe. Nakupenda sana, à vous.»

«À vous» ni kusema zamu yangu. Mbele nijibu, padri wa Kyondo akaingia: «Bien reçu, papa!» Eti imesikika vizuri!

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikasema: na mimi pia, terminé. Nimecheka njia yote ya kurudi, peke yangu, mu mvua, sawa mwenda wazimu.

Siku ya posho, ya sita, tarehe 13

Kitambaa ya Bibi Arusi ilikuwa imechafuka chini. Nimeifua asubui, nimeikausha ndani yake mwenyewe pamoja na malange. Mara tatu nimemuwasha leo. Mara tatu amemaliza! Bila kusimama hata mara moja!

Ni novena. Nimeanza siku ya tatu kwa Mutakatifu Antoine, yeye anarudisha vitu yenye kupotea. Wasingya, wasingya, asante.

Siku ya Mungu, tarehe 14

Misa. Nimepiga pasi kitambaa na mukaa, nimemuvalisha Bibi Arusi tena, kwa kushukuru. Anapendeza kweli.

Kavira anasema mugongo unamuuma. Nimemuambia alale upande ya kushoto.

Siku ya kwanza, tarehe 15

Ee Nyamuhanga, Muumba wetu.

Uchungu ilimukamata alfajiri, mapema miezi mbili. Saa tatu amezaa. Mwanamuke. Mudogo, mudogo sana, mukono yake haijai kidole yangu. Amelia sawa kapaka. Eko mu couveuse.

Mutoto wa kwanza na ni mwanamuke, donc kwetu jina iko tayari: Masika. Sawa mimi. Hakuna mutu aliuliza.

Siku ya pili, tarehe 16

Bibi Arusi amesimama mara ine. Nimemupiga teke. Nimeumia kidole ya muguu.

Masœur Béatrice, mutawa mukubwa wetu, ameniita mu bureau. Ni mutu ya Kasai, anasimamia maternité yote, sauti yake haipandi hata siku moja, njo inaogopesha. Camion ya mazout haijatoka Kasindi. Ile yenye iko ni kidogo, haiwezi kuchomwa bure kwa mashini yenye kusimamasimama. Bamama makumi ine habawezi kulala juu ya shuka mubichi, batakufa na homa. Amesema anamupa Bibi Arusi mpaka siku ya tano. Bibi Arusi asipopona, anaenda depot, mu ghala, na tunarudi kwa Muzee. Masaa tatu kila siku Muzee anawaka, masaa tatu kila siku couveuse inazimwa.

Ananiangalia. Anajua nani eko mu couveuse. Amesema: «Masika, pole.» Eko na haki. Namuchukia kidogo, na eko na haki.

Siku ya tatu, tarehe 17

Kavira eko na homa. Maziwa haishuki vizuri.

Phonie: makelele tu. Kisha padri ya Mavivi amepata kusema sentensi moja, kwamba Kambale ameondoka na kinga, baiskeli yake. Na njia imefungwa! Na batu ya bunduki! Kinga! Nimekasirika mpaka meno inauma. Nani alimutuma? Nikimuona nitamupiga. Akifika tu, Mungu wangu, akifika tu.

Nimefungua Bibi Arusi fasi yote inafunguka. Nimepangusa na brosi ya meno. Safi sawa kikombe ya misa. Nimemufunika, nimemuwasha. Nusu saa. Amesimama.

Kitabu yake ni ya kijerumani. Nimeiangalia ukurasa kwa ukurasa. Hata neno moja sijui.

Siku ya ine, tarehe 18

Niandike polepole.

Saa sita ya muchana mvua kubwa. Bibi Arusi alikuwa amesimama tangu saa tano, shuka sita ndani. Mu armoire, kabati ya nguo, hakuna hata lange moja kavu, na bamama watatu bako mu uchungu. Masœur hakungoja siku ya tano. Alimuambia Paluku azime couveuse, awashe Muzee. Paluku alizima, hakuniangalia usoni.

Nikatoa mutoto. Kavira alikuwa anatetemeka na homa, hakuweza kumubeba, nikamuweka kwa kifua yangu mwenyewe, ngozi kwa ngozi. Alikuwa amelowanisha lange yake. Nikaenda buanderie, fasi yetu ya kufulia, kutafuta kitu kavu, kitu yote, hata gunia. Nguo yote ilikuwa inazunguka mu Muzee. Nikaona kitambaa. Nikaivuta kwa mukono moja, ikatoka yote, na mutoto nikamufunga ndani.

Ilikuwa moto.

Si yote. Mbele, chini, fasi moja tu. Moto sawa mukate ya kutoka kwa four, tanuru, na saa nzima mashini ilikuwa imesimama. Nikapiga magoti na mutoto kwa kifua. Chini ya mulango ya mashini kuko kadirisha ya mistari mistari, naipangusaka kila siku. Nikaigusa. Nikarudisha mukono mbio.

Mutoto alikuwa amenyamaza. Anapenda ile fasi ya moto. Mimi nikabaki chini vile, nikakumbuka siku ya posho. Mara tatu bila kusimama, na kitambaa ilikuwa ndani yake, haikuwa juu yake. Na juma ya kwanza, mbele nimalize kushona. Novena gani? Antoine masikini, hakuwa ndani ya mambo hii. Kambale aliuliza kama anaweza kupumua, na mimi nilimupimia ukuta.

Nilimuziba pua. Mimi. Na maua pembeni.

Nilipiga kelele: Paluku! Zima Muzee! Washa couveuse na Bibi Arusi pamoja! Akasema: «Mama, umerukwa na akili?» Nikasema ndiyo, washa. Masœur akakuya na saa yake ya mukono. Nikamuomba tuwashe Bibi Arusi mara moja tu, mbele yake, akisimama mimi mwenyewe nitamubeba mpaka depot kwa kichwa. Akaangalia saa, kisha mutoto. Akasema: «Allez, haya.»

Masika mudogo akarudi mu couveuse ndani ya kitambaa yake. Bibi Arusi akawaka, uchi. Sisi watatu tukaketi kwa ndoo. Nusu saa, ile ya kusimamaka kila siku: akaendelea. Saa moja. Upepo ya vuguvugu ilikuwa inatoka kwa kadirisha na kupiga miguu yetu, na sikuwahi kuisikia hata siku moja. Saa mbili. Saa mbili na robo, kengele yake. Masœur akaingiza mukono ndani, akapapasa shuka, akafanya ishara ya musalaba. Paluku alikuwa analia, atasema ni moshi.

Nililia pia. Ya aibu, na ya ile ingine.

Siku ya tano, tarehe 19

Mara tano. Hakusimama. Homa ya Kavira imeshuka. Masœur hakusema neno juu ya depot.

Kambale hajafika. Beni haiko mbali vile. Mutu na kinga, siku moja, mbili.

Siku ya posho, tarehe 20

Hajafika. Balisikia masasi ya bunduki upande ya njia. Siwezi kuandika.

Siku ya Mungu, tarehe 21

Amefika kisha ya misa. Matope mpaka kwa nyusi, kinga mabegani, pneu, mupira ya nyuma, imekufa. Alipita mu mashamba, alilala kwa batu asiobajua. Nilisahau kumupiga.

Alienda kwanza kuona mutoto. Alisimama kule mbele ya couveuse muda murefu, kofia mu mukono. Akauliza ni nguo gani ile nyeupe. Nikasema utajua.

Mu buanderie aliweka sac yake chini, akaanza kutoa vyombo yake: funguo, tournevis, manomètre. Nikamuambia yote. Kitambaa, siku ya posho, kadirisha. Hakucheka. Alirudisha funguo mu sac. Kisha akaingiza mukono chini kabisa ya sac, akatoa kitu ndani ya sachet, ameifunga mara mbili ili mvua isiipate.

Kitambaa. Ya njano, ndege pembeni, kubwa, ya kufika mpaka chini. Alinunua sokoni Beni kwa bamama ya kutoka Kamango. Ya Bibi Arusi.

«Na mimi niliuliza ukuta tu,» alisema.

Njo tukacheka. Tulicheka mpaka Masœur akapiga mulango.

Ile ya njano Kavira ameiweka kwa kitanda yake. Masika mudogo amenyonya mara mbili leo. Mvua imekatika. Bibi Arusi eko uchi mbele ya batu bote, atazoea.

Kambale amelala juu ya shuka kavu yangu, na viatu, na matope yote. Nimemuacha.