Mke Wangu Akikaa Karibu, Mikono Yangu Inaamka

Mama Nadra, pokea salamu nyingi kutoka hapa Gisenyi. Nakusikiliza redioni kila Jumanne, na siku zote nilidhani wanaokuandikia ni watu wasio na mtu wa kuongea naye, kumbe leo ni zamu yangu, naomba unisaidie, ila jina langu usilitaje kwa sababu mji huu tunajuana.

Mimi ni fundi seremala, nina miaka thelathini na tisa, nilizaliwa Karagwe, Tanzania, tukarudi Rwanda nikiwa mdogo, nina mke na binti wa miaka tisa, mke nitamwita Béata ingawa si jina lake. Kwa miaka mingi nilifanya kazi kwenye karakana ya watu wengi, tulikuwa mafundi kumi na mmoja chini ya bati moja, kelele, vumbi, utani kutwa nzima, na mimi ndiye niliyekuwa natoa milango mingi kuliko wote. Miaka miwili iliyopita nikajenga karakana yangu mwenyewe uani kwangu, watu wakanipongeza, na tangu siku hiyo sijui nimepatwa na nini. Naingia asubuhi, napima ubao, natafuta penseli, nikiipata nakumbuka patasi ni butu, naenda kutafuta jiwe la kunolea, njiani naona waya wa simu umekatika naanza kuufunga, nikija kushtuka ni saa sita mchana na ubao uko vilevile. Nina meza tatu za watu hazina miguu, na wenyewe nikiwaona barabarani nageuza njia.

Nikajiambia ni kelele za nyumbani. Nikawapiga marufuku Béata na mtoto wasikanyage karakana, chakula wakiache nje, ili nipate utulivu. Utulivu niliupata, Mama, kazi sikuipata. Rafiki yangu mmoja akasema nimerogwa na wale mafundi niliowaacha, nikaenda kuombewa mara mbili, hakuna kilichobadilika.

Na kuna mlango. Chumba chetu cha kulala kina pazia tu, mimi fundi wa milango, na Béata nimemwahidi mlango tangu binti yetu anaanza shule, na sasa binti ni mkubwa, anaelewa, mama yake anaona aibu. Mbao zake zimekaa ukutani mpaka buibui wamehamia.

Sasa Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliopita tulitoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mudugudu mzima, yaani kijiji chetu chote, kuchimba mfereji wa maji ya mvua. Mimi siku ya umuganda huwa sijitambui. Nikiwa katikati ya watu, huyu ana jembe, yule ana koleo, kila mtu na lake, mikono yangu inaenda yenyewe na kichwa kinatulia kabisa. Nilimaliza kipande changu, nikachimba na cha jirani anayeumwa mgongo, na kwenye mkutano baada ya kazi kiongozi wetu wa mudugudu, mzee Nkusi, akanisimamisha mbele ya watu akasema tungekuwa na watano kama huyu mlima ungekuwa umekwisha. Watu wakapiga makofi. Béata alikuwepo, hakupiga.

Tulipofika nyumbani akaniambia, kwa sauti ya chini tu, "Mi sijui kama ulinioa mimi ama ulioa mudugudu. Kwa watu mikono iko, kwa nyumba yako haiko. Bon, mi nimechoka. Masomo ikifunga naenda na mutoto kwa dada yangu kule Kanama, na sijui kama nitarudi." Na alichosema ndicho watu wote wanachokiona.

Halafu Jumatano ya wiki hii likatokea jambo ambalo ndilo limenifanya nikuandikie. Mvua ilikuja kubwa, jikoni kwetu panavuja, Béata akakimbilia karakana na ungo wake wa maharage. Hakunisemesha, hata kunitazama hakunitazama, akakaa kwenye kigoda akaanza kuchambua maharage. Mimi nikachukua randa ili nisionekane nimesimama bure. Nilipoinua kichwa, Mama, fremu ya mlango ilikuwa imekamilika, pembe zote nne zimeshikana, maranda yamenifika vifundoni, na sikumbuki kutafuta hata penseli. Nikaigusa ile fremu nikidhani naota. Mvua ikakatika, akainuka na ungo wake akaenda, na palepale mikono ikazimika, nikabaki nimeshika nyundo sijui nilitaka kuipiga wapi.

Nilikaa chini nikaogopa, si woga wa kitu kibaya, ni mshangao ambao hata kanisani sijawahi kuupata. Nikaanza kukumbuka: shuleni hesabu zilikuwa zinanikubali mwalimu akisimama tu karibu na dawati langu, hata kama anamtazama mwanafunzi mwingine, na kule kwa mafundi kumi, na umuganda. Maisha yangu yote ni hivyo na sikuwahi kujua. Je, huu ni ugonjwa? Ni uvivu? Na mwanaume mzima nitamwambiaje mke wangu njoo ukae nami ndipo nifanye kazi, si atasema nimepata kisingizio kipya? Shule zinafunga baada ya wiki tatu. Naomba unijibu.

Fundi wa Gisenyi


MAMA NADRA ANAJIBU

Fundi, barua yako nimeisoma mara tatu, na pale mvua ilipokatika nimesimama kila mara. Mtu hasemi, hasaidii, hata hakutazami, anachambua maharage yake, na mwenzake anapata mikono. Nimekaa na barua za watu miaka mingi na hili bado limeniacha mdomo wazi.

Tuanze na uliyoniuliza. Hujarogwa, na wale mafundi kumi uwaache wapumzike. Uvivu pia siuoni, mvivu hachimbi kipande cha jirani. Nimemuuliza Ishimwe, muuguzi anayehudumia watu wenye matatizo ya akili na mawazo, akaniambia zipo akili zilizoumbwa hivyo, kuanza jambo peke yake ni mlima, lakini akiwepo mwingine karibu anayefanya lake, zinashika kazi mara moja. Hakushangaa hata kidogo, nilishangaa mimi. Nenda kituo cha afya uwaeleze kama ulivyonieleza, wakupeleke kwa anayejua mambo hayo. Mimi siwezi kukupa jina la ugonjwa kwa barua, na wewe usijipe.

Sasa nikugombeze kidogo. Ulikuwa na watu wawili nyumbani, dawa yako mwenyewe, ukawafungia nje wakuachie sahani mlangoni kama wanamlisha mgonjwa wa kuambukiza. Ulifikiri unatafuta utulivu. Béata yeye alijua jambo moja tu, kwamba mume wake hamtaki karibu. Halafu anakuja kukuona unang'aa mbele ya mudugudu mzima. Ungekuwa wewe ungepiga makofi?

Na kuwakwepa wenye meza ukome. Nenda kwa kila mmoja, mwambie siku, na siku hiyo iwe ya kweli.

Usimfanye mke wako kuwa mlinzi wa karakana. Ana kazi zake, na siku atakapokuwa sokoni usije ukasema meza haikuisha kwa sababu yake. Tafuta fundi mwingine asiye na pa kukaa, awe mshonaji, awe wa viatu, mpe kona chini ya bati lako, afanye lake na wewe lako. Usimfiche kwa nini unamtaka pale. Zile siku ambazo hayupo, rudi kwa wenzako wa zamani ukaombe nafasi ya kupiga randa. Kuwa na karakana yako hakukukatazi kukaa na watu.

Lakini hayo yote yatasubiri hadi kesho. Leo mwite Béata, umkalishe karakana, mahali pale ulipomkataza, na umalize huo mlango yeye akiwepo. Usimwambie unahitaji mtu wa kukusimamia, maana si kweli na atakasirika. Mwambie kilichotokea Jumatano, chote, na ule woga uliokushika alipoondoka. Yule mwanamke anafungasha kwa sababu anaamini kuwepo kwake nyumbani kwako hakubadilishi kitu. Wewe unajua kwamba si kweli, na mimi niliye mbali nimeshaambiwa, asiyejua ni yeye peke yake.